Wasomaji Wamuulize Mwalimu: Meya wa Chicago na mlango wake

Katika toleo la Mei niliandika mistari miwili tu kuhusu meya wa Chicago aliyefika kwenye mkutano wa wafanyakazi pale Haymarket usiku wa tarehe 4 Mei 1886. Sikutegemea barua. Zimekuja, na tatu kati yake nazijibu leo kwa pamoja, kwa kuwa kila mwandishi ameshika kipande cha maisha ya mtu huyohuyo, Carter Harrison. Nimezifupisha kidogo. Wenye maswali mengine wanivumilie hadi mwezi ujao.

BARUA YA KWANZA

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi mitambo hapa Morogoro, na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Siku ya Mei Mosi mzungumzaji wetu alisema meya wa Chicago ndiye aliyewatuma polisi kwenye ule mkutano. Wewe umeandika kwamba alikuwa pale kusikiliza. Tumwamini nani? Na alikuwa mtu wa namna gani huyo, katoka wapi, alikuwa na mke na watoto?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na polisi, maana hapo ndipo penye uchungu. Hakuwatuma. Aliwaambia waende nyumbani.

Mwaka ule, tarehe 1 Mei, makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Chicago waliacha kazi wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick kilichotengeneza mashine za kuvunia, na watu wakafa. Mkutano wa Haymarket uliitishwa kesho yake jioni kulaani mauaji hayo. Meya aliuacha ufanyike, kisha akaenda mwenyewe akasimama katikati ya watu. Alikuwa na miaka 61, mtu mnene mwenye ndevu, na kofia yake nyeusi ya ukingo mpana ilijulikana jiji zima. Usiku ule alikuwa akiwasha kiberiti kila baada ya muda kama mtu ambaye sigara yake imezimika. Alitaka mwanga umpige usoni, wazungumzaji na wasikilizaji wajue kwamba meya yupo.

Alisikiliza vya kutosha. Akaenda kituo cha polisi cha mtaa wa Desplaines, ambacho kilikuwa karibu tu, akamwambia Inspekta John Bonfield kwamba mkutano ni shwari na askari wa akiba hawahitajiki. Akapanda farasi wake akaenda kulala. Mvua ilikuwa inatishia, watu wengi walikwishaondoka, wamebaki mia chache wakimsikiliza Samuel Fielden, Bonfield alipowatoa askari wapatao 180 na kuwaamuru wauvunje mkutano. Hapo ndipo bomu lilipotupwa. Aliyelitupa hajajulikana mpaka leo. Polisi saba walikufa, na raia wasiopungua wanne, kwa kuwa polisi walifyatua risasi ovyo gizani.

Kwenye kesi ya wanaharakati walioshtakiwa kwa bomu hilo, Harrison alisimama kutoa ushahidi upande wa washtakiwa, meya aliye madarakani, akaeleza chini ya kiapo kwamba hotuba alizozisikia hazikuwa za kuchochea vurugu. Haikusaidia. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel. Unapobeba bango lako Mei Mosi, majina yao ndiyo yanayostahili kutamkwa kwenye kipaza sauti.

Lakini mzungumzaji wenu usimlaumu mno, na mimi sitamsafisha Harrison kupita haki. Kesho yake asubuhi baada ya bomu alitoa tangazo la kuzuia mikusanyiko, na siku zilizofuata polisi waliingia kwenye nyumba za watu na vyumba vya magazeti ya wafanyakazi bila hati. Bonfield hakumfukuza. Askari wa jiji walikuwa wa jiji, na jiji lilikuwa na meya. Alisema kweli mahakamani, na hilo ni jambo kubwa, lakini kweli hiyo ilikuja baada ya mkono wa serikali yake kuwafikia wengi wasio na hatia.

Sasa umeniuliza asili yake. Alizaliwa tarehe 15 Februari 1825 karibu na Lexington, Kentucky, na baba yake akafariki yeye akiwa bado mtoto wa miezi michache. Kwa hiyo alilelewa na mama mjane, Caroline Russell. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vinapofika kwake hukimbilia upande wa baba: ukoo wa Harrison wa Virginia, wenye marais ndani yake. William Henry Harrison, rais wa mwaka 1841 aliyekufa mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, alikuwa mtoto wa ndugu ya baba wa babu yake mzaa baba. Wenyewe wana hesabu ndefu ya kuutaja udugu huo. Kwetu hakuna hesabu: watoto wa ndugu wawili ni ndugu, basi huyo rais angekuwa babu yake, na kumwamkia angemwamkia.

Utajiri wa familia za namna hiyo kule Kentucky ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Mashamba ya akina Harrison yalilimwa na watu waliomilikiwa. Yeye alisoma kwa fedha hiyo: Yale, akamaliza mwaka 1845, kisha kutembea Ulaya miaka miwili, kisha sheria huko kwao Lexington katika chuo cha Transylvania, akamaliza 1855. Wasifu wake mwingi huyapita haya kwa sentensi moja. Mimi nilikulia karibu na mashamba ya mkonge, na najua kwamba ukitaka kuijua nyumba ya mwenye shamba, uliza kwanza waliokuwa wakilala kwenye kambi.

Mwaka huohuo wa 1855 alimwoa Sophonisba Preston, wakahamia Chicago. Jina hilo la bibi limetoka Afrika. Sophonisba alikuwa binti wa jemadari wa Carthage, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, na koo za Kentucky zililipenda wakawapa mabinti zao. Chicago wakati huo ilikuwa na watu wapatao 80,000, barabara za matope, na reli zikiingia kutoka kila upande. Harrison alikuwa wakili kwa karatasi, lakini riziki yake aliipata kwa kununua viwanja. Aliona jiji linakuja. Mwaka 1880 lilikuwa na watu 500,000, na mwaka 1890 limevuka milioni moja. Mtu aliyenunua kiwanja cha ukingoni mwaka 1855 alijikuta baadaye yuko katikati ya mji bila kuhama.

Siasa alianza akiwa mtu mzima. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza moyo wa Chicago, na Novemba akachaguliwa kuwa kamishna wa kaunti ya Cook. Akaenda Baraza la Wawakilishi mjini Washington vipindi viwili, kuanzia 1875 hadi 1879. Kisha umeya: 1879, 1881, 1883, 1885, kila mara kwa miaka miwili, na ule wa 1885 alishinda kwa kura 375 tu.

Alichaguliwa na nani? Na wageni. Chicago ilikuwa mji wa Wajerumani, Waayalandi, Wacheki, Wapolandi na watu wa Skandinavia, na wenye mji wa zamani walitaka baa zifungwe Jumapili, siku pekee ambayo mfanyakazi huyo mgeni alikuwa na nafasi ya kukaa na jamaa zake na bia yake. Harrison aliziacha wazi. Aliongea Kijerumani, alihudhuria harusi zao na misiba yao. Kamari nayo aliifumbia macho, na hapo wakosoaji wake walikuwa na hoja. Lakini mgeni aliyefika jana akitokea Prague alijisikia kwamba meya ni wake, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye polisi wa mtaani humwita kwa tusi.

Na nyumbani? Hapa naomba unisome taratibu. Yeye na Sophonisba walizika watoto kadhaa wachanga. Waliofika utu uzima ni wanne: Caroline, Carter, William Preston na Sophie. Mwaka 1873 mama aliwachukua watoto kwenda Ujerumani kwa ajili ya masomo, baba akawapeleka kisha akarudi kwenye siasa zake. Mwaka 1876 Sophonisba akafariki hukohuko Ulaya, mumewe akiwa mbunge upande wa pili wa bahari. Mwaka 1882 alioa tena, Marguerite Stearns, binti wa mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo wa Chicago. Naye akafariki mwaka 1887. Chama chake, Democratic, kilikuwa kimemteua kugombea tena mwaka huo, akakataa. Akamchukua mwanawe William Preston wakazunguka dunia miezi kama kumi na sita, akituma barua gazetini kwao kila alikopita, na barua zile zikawa kitabu mwaka 1889. Wengi husema alikuwa mtu wa safari. Mimi nasema alikuwa mjane ambaye nyumba ilimshinda kukaa.

Alizoea kuliita jiji bibi harusi wake. Watu walifurahi wakapiga makofi. Nikiisoma kauli hiyo mimi humfikiria Sophonisba, ugenini Ujerumani na watoto.

BARUA YA PILI

Salamu, Mwalimu. Nimesoma kwenye intaneti kwamba Carter Harrison alikuwa meya wa Chicago mwaka 1879, na mahali pengine kwamba alikuwa meya mwaka 1911. Halafu wengine wanamwita wa Tatu na wengine Mkubwa. Je, ni mtu mmoja aliyetawala miaka zaidi ya thelathini? Msomaji, Mombasa.

JIBU

Ni wawili, ndugu yangu, baba na mwana, na kuchanganyikiwa kwako ni haki yako kabisa. Sisi tuna desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake, kwa hiyo jina huruka kizazi na watu wawili wenye jina moja ni nadra kugombea barua moja ya posta. Kwa akina Harrison jina Carter Henry lilitoka kwa baba likaenda kwa mwana moja kwa moja. Baba yake meya wa kwanza alikuwa Carter Henry, na baba wa babu yake vilevile. Wanaohesabu ukoo mzima humwita meya wa kwanza wa Tatu na mwanawe wa Nne. Wanaohesabu mameya tu huwaita Mkubwa na Mdogo. Wote wako sahihi.

Na liko linaloshangaza zaidi: kila mmoja alichaguliwa mara tano. Baba kwa miaka niliyotaja hapo juu, pamoja na 1893 ambayo nitaieleza chini. Mwana alichaguliwa 1897, 1899, 1901, 1903 na 1911, mara hiyo ya mwisho kwa kipindi cha miaka minne.

Mwana alizaliwa Chicago tarehe 23 Aprili 1860, na ndiye meya wa kwanza wa jiji hilo aliyezaliwa humohumo. Vita yake kubwa ilikuwa na Charles Yerkes, tajiri wa tramu, aliyetaka mwaka 1898 apewe mitaa ya jiji kwa njia zake kwa miaka hadi 50. Hebu fikiria: mtoto anazaliwa leo, anaoa, anapata wajukuu, na nauli bado ni ya mtu mmoja. Madiwani wengi walikuwa wakinunulika na kila mtu alijua. Harrison Mdogo aliapa hadharani kwamba Yerkes akishinda, yeye ataila kofia yake ya kahawia. Ili kumzuia aliungana na madiwani wawili wa kata ya katikati ya jiji, Michael Kenna na John Coughlin, watu ambao mikono yao haikuwa safi hata kidogo, lakini kwa jambo hilo walisimama naye. Wananchi walijaa kwenye kumbi za baraza, wengine wakiwa na kamba za kunyongea mikononi ili madiwani wazione. Yerkes alishindwa, akauza hisa zake, akaenda kujenga reli za chini ya ardhi London.

Mkewe, Edith Ogden kutoka New Orleans, aliandika hadithi za watoto zilizosomwa sana wakati wake. Harrison Mdogo mwenyewe alipenda uchoraji, akawalipia safari wachoraji vijana wa Chicago kwenda Taos, New Mexico, na picha alizokusanya, pamoja na kazi za Wafaransa wakubwa, akaziachia jumba la sanaa la jiji. Mdogo wake William Preston, yule wa safari ya dunia, alihamia Los Angeles akafanya hivyohivyo kwa jumba la makumbusho la huko. Harrison Mdogo alikufa siku ya Krismasi mwaka 1953, akiwa na miaka 93. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka Lincoln alipochaguliwa kuwa rais alikufa dunia ikiwa na televisheni. Ukiwaunganisha baba na mwana, ni miaka 128.

BARUA YA TATU

Jambo Mwalimu. Mimi natokea Uvira, Congo, na sasa niko Chicago mwaka wa sita na jamaa yangu. Kila siku napita Union Park, pale karibu na kituo cha treni cha Ashland. Kuna sanamu ya meya Harrison. Watoto wangu wakaniuliza ni nani, nikasoma kwamba aliuawa ndani ya nyumba yake. Sielewi. Mkubwa wa mji mzima, anauawa nyumbani? Hakuwa na walinzi? Watoto wanasubiri jibu.

JIBU

Ndugu yangu, barua yako imenigusa kwa sababu nami nimepita hapo. Nilikaa Chicago miezi mitatu nilipokwenda kumlea binti yangu aliyejifungua, na siku mkwe alipokuwa nyumbani nilipata nafasi ya kutoka. Nilishuka kituo hichohicho. Sanamu ni kazi ya Frederick Hibbard, imesimama tangu 1907. Ilikuwa baridi na bustani haikuwa na mtu zaidi yangu na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa.

Hakuwa na walinzi mlangoni. Tena mlango wake ulikuwa wazi kwa makusudi. Nyumba ilikuwa barabara ya Ashland, namba 231, karibu na mtaa wa Jackson, mwendo mfupi kwa miguu kusini ya hapo unapopita. Watu wote walijua kwamba mwenye shida na meya anaweza kufika kwake, agonge, mtumishi afungue, aingie angoje. Hakutaka iwe vingine. Kwa mtu aliyeongozwa na imani kwamba mji ni wa kila aliyemo, kufunga mlango kungekuwa kujikana.

Mwaka 1893 alikuwa na miaka 68. Chicago ilikuwa inaandaa Maonyesho ya Dunia katika bustani ya Jackson, kando ya ziwa. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wafikirie Sabasaba ya miezi sita, yenye majumba meupe makubwa kama ya wafalme na mahudhurio yaliyofika milioni 27. Harrison alitaka awe meya wa mwaka huo. Magazeti yote ya kila siku yalimpinga isipokuwa Chicago Times, ambalo alikuwa amelinunua mwaka 1891 na wanawe wakiliendesha. Akashinda Aprili. Alikuwa amepata mchumba pia, Annie Howard wa New Orleans, na harusi ilitegemewa Novemba.

Jumamosi tarehe 28 Oktoba, siku mbili kabla maonyesho hayajafungwa, ilikuwa siku ya mameya. Walikuja kutoka miji mingi ya Marekani, na Harrison akawahutubia. Alisema anakusudia kuishi zaidi ya nusu karne nyingine, na kwamba mwisho wa nusu karne hiyo London itakuwa inatetemeka kwa hofu ya kupitwa na Chicago. Akarudi nyumbani, akala na wanawe Preston na Sophie, akajilaza.

Yapata saa mbili usiku kijana mmoja akagonga. Patrick Eugene Prendergast, miaka 25, mzaliwa wa Ayalandi, kazi yake kusimamia wauza magazeti. Alikuwa ameshikwa na jambo moja: tambukareli. Chicago treni zilikatiza barabarani usawa wa ardhi, na zilikuwa zikiua watu kila mwaka. Kijana alitaka njia za reli zinyanyuliwe. Katika hilo, ujue, hakuwa mwendawazimu, maana baadaye jiji lilifanya hivyohivyo. Ugonjwa ulikuwa kwingine. Alijiaminisha kwamba kwa kuwa alimpigia Harrison kampeni, ameahidiwa kuwa mwanasheria mkuu wa jiji, naye hakuwa amesomea sheria. Alituma postikadi kwa wakubwa. Alifika hadi ofisi ya mwanasheria mkuu kudai kiti chake, na pale wakalichukulia kama mzaha.

Mtumishi alimfungulia kama alivyomfungulia kila mtu, akaenda kumwamsha meya. Harrison alitoka chumbani akielekea ukumbini, na Prendergast akampiga risasi. Jirani wa ng'ambo ya barabara, William Chalmers, alikimbia akaja, akakunja koti lake akamwekea chini ya kichwa. Harrison alisema amepigwa moyoni. Jirani akamtuliza kwamba sivyo. Akakasirika, akasisitiza kwamba ni moyoni na kwamba hicho ndicho kifo. Akafa ndani ya muda mfupi, watoto wake wakiwa pale.

Prendergast alienda mwenyewe kujisalimisha. Kituo alichokwenda ni kile cha mtaa wa Desplaines, kilekile ambacho miaka saba kabla yake Harrison aliingia kuwaambia askari waende nyumbani. Nimelisoma hilo mara nyingi na bado linanisimamisha.

Baraza la wazee wa mahakama lilikataa hoja ya kwamba ni mgonjwa wa akili. Mwaka 1894 wakili kijana, Clarence Darrow, aliyekuja kuwa maarufu nchi nzima, aliingia kujaribu kuokoa roho yake, akashindwa. Prendergast alinyongwa tarehe 13 Julai 1894. Kwa maoni yangu, na nayasema nikijua kuna watakaonipinga, walimnyonga mgonjwa. Kifo cha Harrison hakikuhitaji cha pili.

Sherehe za kufunga maonyesho zilifutwa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Mwili ulilazwa ukumbi wa jiji, watu wakapanga foleni ndefu kuuaga, na tarehe 1 Novemba akazikwa makaburi ya Graceland, kaskazini mwa jiji. Novemba hiyohiyo iliyotegemewa harusi.

Umeniuliza kuhusu walinzi, na nimekujibu. Lakini niruhusu niongeze la kwetu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisimame kwenye ile baridi.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji karibu na Korogwe miaka ya sabini. Baraza ya nyumba yetu haikuwahi kuwa tupu. Alfajiri tulikuta watu wamekwishakaa: huyu mbuzi wake kaingia shamba la mtu, yule mkwe kamrudishia mahari pungufu, mwingine hana shida yoyote, amekuja kunywa chai. Baba alijisifu kwamba mlango wake hauna komeo, na ilikuwa kweli, halikuwako. Kijiji kilimpenda, na hata leo nikienda huko nahudumiwa kwa jina lake. Mama alikuwa akiamka saa kumi kuwasha moto. Usiku mmoja mtu aliyekuwa ameshindwa kesi ya mpaka alikuja na panga, akaingia hadi chumba tulicholala watoto akimtafuta baba. Hakumdhuru mtu, majirani walimkamata. Asubuhi baba alikaa barazani kama kawaida. Mama hakumwambia neno. Alikwenda kwa seremala akatoa fedha zake za vitumbua, akarudi na komeo la mti wa mvule, akalitia kwenye mlango wa chumba chetu, si mlango wa mbele. Wa mbele aliuacha ulivyo.

Kwa hiyo sikuweza kumtazama Harrison pale juu bila kumfikiria Sophie, msichana ambaye mama yake alimfia akiwa mdogo mno, na sasa baba amemfia ukumbini kwao. Wanahistoria wameandika mengi juu ya kura za baba yake.

Waambie watoto hivi: alikuwa meya aliyetaka mtu yeyote aweze kumfikia, na usiku mmoja alifikiwa na mgonjwa mwenye bastola. Jumamosi ukipata nafasi, uwachukue mtoke bustanini mwende kusini kwa Ashland hadi mfike Jackson. Nyumba haipo tena. Waonyeshe tu ilipokuwa, na umbali wa kutoka pale hadi kituo cha Desplaines, ambao ni mrefu kwa miguu ya watoto, kwa hiyo hapo pandeni basi.